Nani Aandike Wapi: Historia ya Ulinzi wa Fomu za Kujazwa Katikati ya Jiji la Dar es Salaam na Kariakoo

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya ulinzi wa fomu za kujazwa katikati ya jiji la Dar es Salaam na Kariakoo, tangu kadi ya kipande ya enzi za ukoloni hadi faili la programu ya kuchakata maneno linalofunguliwa leo katika steshenari. Hoja kuu ni kwamba fomu ina vitu viwili vinavyohitaji kulindwa. Cha kwanza ni swali, yaani maneno yaliyochapwa ambayo mjazaji hapaswi kuyagusa. Cha pili ni jibu, yaani maneno yaliyojazwa ambayo mtu mwingine hapaswi kuyageuza baadaye. Katika karatasi, swali lililindwa na matbaa, jibu likalindwa na wino, na vyote viwili vikalindwa na nakala iliyobaki mkononi mwa upande wa pili. Programu ya kuchakata maneno iliondoa kinga hizo zote kwa pamoja, na nyenzo ya kulinda fomu iliyomo ndani yake imerudisha ile ya kwanza tu. Insha inahitimisha kwamba kwa mpangaji wa fremu, mfanyakazi na mfanyabiashara mdogo, nakala ya pili ndiyo ngao iliyodumu kuliko zote.

Istilahi za msingi: fomu, kipande, steshenari, programu ya kuchakata maneno, ushahidi, Kariakoo

1.0 Utangulizi

Historia ya maandishi katika pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuzingatia tenzi, barua, tarihi na magazeti. Fomu imesahauliwa. Sababu yake si ngumu kuiona: fomu haina mwandishi anayejulikana, haisomwi kwa starehe, na mara nyingi hutupwa baada ya kazi yake kwisha. Hata hivyo, mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam hukutana na fomu mara nyingi kuliko anavyokutana na kitabu. Hujaza fomu anapozaliwa mtoto, anapoandikishwa shule, anapopanga chumba, anapokodi fremu ya biashara, anaposajili jina la biashara na anapofiwa.

Fomu hutofautiana na maandishi mengine kwa jambo moja: huandikwa na watu wawili au zaidi, kwa nyakati tofauti, juu ya ukurasa uleule. Mmoja huandika maswali na kuacha nafasi, mwingine huja baadaye akajaza nafasi hizo. Kwa hiyo kila fomu ni mgawanyo wa haki ya kuandika. Inaeleza nani aandike, aandike wapi, na akome wapi. Ulinzi wa fomu ni ulinzi wa mpaka huo.

Katika programu za kuchakata maneno, suala hili huchukuliwa kuwa la kiufundi tu: mtumiaji abofye wapi ili wajazaji wasiharibu mpangilio wa ukurasa. Insha hii inalichukulia kuwa suala la kihistoria. Inauliza mpaka kati ya swali na jibu ulilindwaje kabla ya kompyuta, ni nini kilipotea kompyuta ilipoingia, na ni nani aliyelipa gharama ya kupotea huko. Eneo lililochaguliwa ni katikati ya jiji na Kariakoo, pande mbili zinazotenganishwa na viwanja vya Mnazi Mmoja. Humo ofisi za serikali, mahakama, maduka ya jumla na steshenari vimekaa karibu kiasi kwamba karatasi moja inaweza kuchapwa, kujazwa, kugongwa muhuri na kubishaniwa ndani ya mwendo wa dakika chache kwa miguu.

2.0 Kipande na Wapagazi: Fomu Katika Enzi za Ukoloni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huchukuliwa kuwa wosia kwa mwenye mali. Lakini inaweza kusomwa pia kama swali: daftari likiwa mkononi mwa mwingine, mali ya nani hupotea?

Mfano wa mwanzo wa fomu iliyomgusa mtu wa kawaida katika Tanganyika ni kipande, kadi ya kazi iliyotumika chini ya utawala wa Wajerumani na kuendelea chini ya Waingereza. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi thelathini. Kila siku ya kazi iliyokamilika iliwekewa alama katika nafasi yake, na mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojaa. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyochapishwa mwaka 1979, ameonesha nafasi ya mfumo huo katika ajira ya mashambani. Kwa mtazamo wa insha hii, kipande kilikuwa fomu kamili: sehemu iliyochapwa isiyobadilika, na visanduku vya kujazwa. Mwenye kuijaza, hata hivyo, hakuwa mtu ambaye maisha yake yaliandikwa humo. Mfanyakazi alifanya kazi, na msimamizi akaweka alama. Siku ambayo msimamizi aliamua kwamba kazi haikufikia kipimo, kisanduku kilibaki kitupu, na jasho la siku hiyo halikuwa na ushahidi wowote.

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na mkasa wa kumbukumbu za aina hii. Baada ya majeshi ya Uingereza kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo lilitumiwa na kikosi cha wapagazi wa vita, na jina la Kiingereza la kikosi hicho likatamkwa Kiswahili likawa Kariakoo. Wapagazi walikuwa wengi mno, na wengi walikufa kwa magonjwa na uchovu kuliko kwa risasi. Mishahara ya baadhi ya marehemu haikuwahi kuwafikia warithi, kwa kuwa majina, vijiji na machifu yaliyoandikwa katika kumbukumbu hayakutosha kumtambua nani alikuwa nani. Suala la fedha hizo lilijadiliwa na maofisa kwa miaka mingi baada ya vita. Nafasi iliyojazwa vibaya, au isiyojazwa kabisa, iligeuka kuwa deni lisilolipika.

Mifano hii miwili inabainisha mambo ambayo yatarejea katika kila hatua ya historia hii. Kwanza, fomu inaweza kulindwa vizuri sana dhidi ya mjazaji huku ikimwacha mjazaji bila ulinzi wowote dhidi ya mwenye fomu. Pili, fomu yenye nakala moja tu humtumikia yule anayeishika.

3.0 Matbaa, Wino na Kaboni

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ulinzi wa fomu za serikali ulitokana na tofauti ya zana. Maswali yalichapwa na mitambo ya matbaa ya serikali, na majibu yaliandikwa kwa kalamu au kwa taipureta. Mwananchi hakuwa na matbaa. Hata kama angetaka kuongeza sharti au kufuta neno, maandishi yake yangeonekana kuwa si ya mtambo uleule. Namba ya fomu iliyochapwa pembezoni, mfano wa fomu za utumishi wa umma zinazotambuliwa kwa herufi TFN, ilikuwa alama ya kwamba karatasi hiyo ni moja kati ya nyingi zinazofanana, na kwamba ile iliyotofautiana nazo ingejulikana.

Jibu nalo lilikuwa na kinga yake. Wino ukishakauka haufutiki bila kuacha doa. Aliyekosea alipaswa kukata neno kwa mstari, kuandika jipya juu yake na kuweka sahihi pembeni. Utaratibu huo uliruhusu badiliko, lakini ulilazimisha badiliko hilo lionekane na liwe na mwenyewe.

Kinga ya tatu ilikuwa karatasi ya kaboni. Kitabu cha risiti cha muuza duka wa Mtaa wa Msimbazi au wa Congo kilikuwa na kurasa mbilimbili au tatutatu zenye namba moja. Mnunuzi aliondoka na ya juu, ya chini ikabaki kitabuni. Kubadili tarakimu katika nakala moja hakukuwa na faida, kwa kuwa nyingine ilibaki ikisema ukweli. Kaboni haikuzuia udanganyifu. Iliugeuza kuwa kitu kinachoweza kuthibitishwa kwa kulinganisha. Tena, tofauti na matbaa, nakala ya kaboni ilimlinda pia mtu asiye na mamlaka yoyote juu ya fomu yenyewe.

Uzito wa kinga hizi ulionekana hasa pale dola ilipotaka kila mtu awe na karatasi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi aandikishwe na kuwa na kitambulisho cha kazi, na wakazi wa Dar es Salaam walioonekana kutokuwa na kazi inayotambulika walikamatwa ili wapelekwe vijijini. Katika mazingira hayo, tofauti kati ya mchuuzi na mzururaji ilikuwa ni neno moja katika nafasi moja ya karatasi. Aliyejaza nafasi hiyo aliamua mtu alale wapi.

4.0 Kompyuta Iliyochelewa

Mabadiliko yaliyovunja utaratibu huo hayakuja haraka. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini matatizo ya uendeshaji wake na hali ya uchumi yalichangia serikali kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo mwaka 1974. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kwa sababu hiyo, wakati Microsoft Word ilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1983, ofisi nyingi za Dar es Salaam ziliendelea na taipureta, stensili na mashine ya kudurufu.

Kuchelewa huku kuna maana katika hoja ya insha hii. Dar es Salaam haikupita taratibu kutoka kompyuta kubwa za ofisini hadi kompyuta za mezani. Iliruka kutoka taipureta hadi soko huria la miaka ya 1990, ambamo kompyuta iliingia si tu kupitia ofisi bali pia kupitia duka. Steshenari, yaani duka dogo linalouza karatasi na kalamu, kutoa kopi na kuchapa nyaraka kwa malipo, likawa matbaa ya mtaa. Maduka hayo yaliongezeka karibu na mahakama ya Kisutu, kandokando ya Mnazi Mmoja, na katika Mtaa wa Lumumba, ambako Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni ulikuwa na ofisi zake kwa miaka mingi.

Hapo ndipo tofauti ya zana ilipokufa. Swali na jibu viliandikwa kwa mashine ileile, kwa herufi zilezile, na mtu yuleyule: mchapaji wa steshenari. Mteja alisema maneno yake, mchapaji akayaingiza, karatasi ikatoka ikiwa safi kana kwamba yote yalichapwa kwa mara moja. Usafi huo ulipendwa, na kwa haki. Lakini neno lililobadilishwa halikuacha tena doa, wala mstari, wala sahihi pembeni.

Athari ya kwanza iliyoonekana ilikuwa ndogo na ya kuudhi tu. Fomu za zamani ziliacha nafasi kwa mistari ya nukta. Katika faili, nukta hizo ni herufi kama herufi nyingine. Mchapaji akiingiza jina katikati yake, nukta zilizobaki husukumwa mbele, mstari huvunjika, sehemu ya sahihi huangukia ukurasa unaofuata, na fomu ya kurasa mbili huwa ya kurasa tatu. Anayejaribu kuirekebisha hulazimika kufuta hapa na kuongeza pale, na katika kufuta huko anaweza kuondoka na neno la mkataba lenyewe bila kukusudia. Mpaka kati ya swali na jibu, uliokuwa wazi kama mstari wa matbaa, ukawa haupo kabisa.

5.0 Nyenzo ya Kulinda Fomu na Mipaka Yake

Watengenezaji wa programu waliliona tatizo hili mapema. Jibu lao lilikuwa kuujenga upya, ndani ya faili, ule mpaka uliokuwa ukitengenezwa na matbaa.

Katika matoleo ya Word ya miaka ya 1990, mwandaaji wa fomu aliweza kuweka nyuga, yaani nafasi maalumu za kujazwa, za aina tatu: uga wa maandishi, kisanduku cha kuweka alama, na orodha ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kutajwa. Kisha aliufunga waraka kwa ajili ya kujaza fomu tu, akitaka kwa nywila. Kuanzia hapo mjazaji hakuweza kuweka kishale chake popote isipokuwa ndani ya nyuga, na kitufe cha Tab kilimpeleka kutoka uga mmoja hadi mwingine. Waraka ulipogawanywa katika sehemu, mwandaaji aliweza kufunga sehemu moja na kuiacha nyingine wazi. Toleo la mwaka 2007 lilileta vidhibiti vipya vya maudhui, ambavyo vinaweza kuzuiwa visifutwe, au maudhui yake yasibadilishwe. Programu za OpenOffice na baadaye LibreOffice zilifuata njia inayokaribiana na hiyo: sehemu za waraka zenye kinga, seli za jedwali zenye kinga, na nyuga za kujazwa.

Kwa fomu ya steshenari, nyenzo hizi ni msaada wa kweli. Huondoa tatizo la nukta zinazokimbia. Huzuia mchapaji aliyechoka asifute aya nzima kwa kidole kimoja. Orodha ya kuchagua huzuia jina la wilaya moja lisiandikwe kwa tahajia nne. Faili likihifadhiwa kama kiolezo, kila mteja huanza na nakala mpya, na jina la mteja wa jana halibaki katika mkataba wa leo.

Hata hivyo, kuna mipaka mitatu ambayo historia iliyotangulia inatusaidia kuielewa.

Mpaka wa kwanza ni udhaifu wa kufuli lenyewe. Ulinzi wa fomu katika Word haufichi maandishi kwa usimbaji. Programu yenyewe humwonya mwandaaji anapoweka nywila kwamba waraka haujasimbwa na kwamba mwenye nia mbaya anaweza kuiondoa kinga hiyo. Tangu muundo wa docx ulipoanza kutumika, faili la Word limekuwa kifurushi kilichobanwa chenye mafaili madogo ya XML, na amri ya ulinzi ni mstari mmoja tu ndani ya moja ya mafaili hayo. Mwenye ujuzi wa wastani huweza kuuondoa. Asiye na ujuzi huweza kuyaingiza maandishi ya fomu iliyofungwa katika waraka mpya, na kufuli likabaki nyuma. Aidha, programu tofauti haziuheshimu ulinzi huo kwa namna moja. Faili lililofungwa katika kompyuta moja linaweza kufunguliwa katika simu kama maandishi ya kawaida.

Mpaka wa pili ni kwamba aina hii ya ulinzi haitofautishi wajazaji. Nyuga zikiwa wazi, ziko wazi kwa yeyote aliyelifungua faili. Fomu ya Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ijulikanayo kwa kifupi cha Kiingereza cha OPRAS na iliyoanza kutumika katika utumishi wa umma mwaka 2004, inatoa mfano mzuri. Fomu hiyo ilitaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka, na kila mmoja atoe alama mwishoni. Katika karatasi, mwandiko na sahihi vilionesha nani ameandika nini. Katika faili lililofungwa kwa ajili ya kujaza tu, nafasi ya mtumishi na nafasi ya msimamizi zingekuwa wazi kwa wote wawili. Si ajabu kwamba serikali hatimaye ilihamia mfumo wa kielektroniki ambamo kila mmoja huingia kwa utambulisho wake. Kutenganisha wajazaji kulihitaji zaidi ya faili.

Mpaka wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, ni kwamba kufuli hili hulinda swali peke yake. Baada ya mpangaji kujaza kiasi cha kodi na kuondoka, uga wa kodi unabaki wazi vilevile. Tarakimu inaweza kubadilishwa kesho bila nywila yoyote. Nyenzo hii ilirudisha kazi ya matbaa. Haikurudisha kazi ya wino, na haikugusa kabisa kazi ya kaboni.

6.0 Kiswahili Ndani ya Programu

Ulinzi usioeleweka hautumiki. Kwa muda mrefu amri za programu hizi zilikuwa kwa Kiingereza tu, na mchapaji aliyejifunza kazi kwa kuangalia wenzake alijua njia za kuandika, kuhifadhi na kuchapisha, asijue zile zilizofichika ndani zaidi ya menyu. Jitihada muhimu ya kuliziba pengo hilo ilitoka Dar es Salaam yenyewe. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye sura ya Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa baadaye kifurushi cha Kiswahili kwa programu zake.

Mafanikio ya kiistilahi ya miradi hiyo yalikuwa makubwa, kwani yalionesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba msamiati wa kompyuta pasipo kujikunja. Lakini matumizi katika steshenari yalibaki kwa kiasi kikubwa katika programu za Kiingereza ambazo wachapaji walikuwa wamezizoea. Matokeo yake ni hali ya kinyume. Mkataba huandikwa kwa Kiswahili fasaha, wakati amri ya kuulinda imeandikwa kwa lugha ambayo wahusika wa mkataba huo aghalabu hawaitumii. Mteja hana njia ya kujua kama waraka wake umefungwa au la, na hajui kwamba angeweza kuuliza.

7.0 Mkataba wa Fremu

Maana ya haya yote inaonekana wazi katika waraka mmoja wa kawaida sana Kariakoo: mkataba wa pango la fremu. Fremu ni chumba cha duka kinachotazama mtaa, na katika mitaa yenye biashara kubwa thamani yake ni ya juu. Kodi huweza kudaiwa kwa miezi mingi mbele, na mara nyingine huongezwa kilemba, malipo ya kuingia ambayo aghalabu hayatajwi katika maandishi. Kwa mfanyabiashara mdogo, fedha hizo ni akiba ya miaka au mkopo wa kikundi.

Mkataba wenyewe huwa ni fomu: majina, namba ya kiwanja, mtaa, muda, kiasi, tarehe, mashahidi. Faili lake huwa tayari katika kompyuta ya steshenari. Mwenye nyumba na mpangaji husoma nafasi zilizojazwa, yaani jina na kiasi, kwa kuwa hizo ndizo mpya kwao. Maneno yaliyobaki huchukuliwa kuwa ni maneno ya fomu, yaleyale ya kila siku. Hapo ndipo hatari ilipo. Mazoea ya enzi ya matbaa yamewafundisha watu kuamini kwamba sehemu iliyochapwa haibadiliki, ilhali katika faili lisilolindwa sehemu hiyo hubadilika kirahisi kama jina la mpangaji. Muda wa kutoa taarifa ya kuhama unaweza kupunguzwa kutoka miezi mitatu hadi mmoja, na hakuna jicho litakalosimama hapo.

Sheria huongeza uzito wa hatari hiyo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyorithi kanuni zake kutoka sheria ya ushahidi ya India, inasisitiza kwamba masharti ya mkataba yakishawekwa katika maandishi, maandishi hayo ndiyo ushahidi wake, na kwa kawaida maneno ya mdomo hayaruhusiwi kuyapinga au kuyageuza, isipokuwa katika hali maalumu kama vile udanganyifu. Mpangaji anayekumbuka waliyokubaliana kwa mdomo anashindana na karatasi, na karatasi ina kiti cha mbele.

Sheria za karibuni zimeanza kuikabili hali ya faili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, izingatie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kuwasilishwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi mtoaji wake alivyotambuliwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo imeifanya kughushi kwa njia ya kompyuta kuwa kosa. Vigezo hivi, vikisomwa kwa makini, ni kinga zilezile tatu za zamani kwa lugha mpya: umbo la asili, jibu lisilogeuzwa, na mwandishi anayejulikana. Lakini sheria huingia kazini baada ya ugomvi, na faili lililokaa katika kompyuta ya duka, linalofunguliwa na kila mchapaji wa zamu, haliwezi kuvikidhi vigezo hivyo hata lingefungwa kwa nywila ndefu namna gani.

Kwa hiyo kinachomlinda mpangaji leo bado ni kitendo cha kale: kuchapisha nakala mbili zinazofanana, kila ukurasa ukatiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya mashahidi, na kila upande ukaondoka na yake. Mfumo wa risiti za kielektroniki ulioanzishwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2010 unafuata mantiki hiyohiyo. Muuzaji hujaza bidhaa na bei, hana uwezo wa kubadili namba ya risiti, na taarifa hubaki katika mashine na mikononi mwa mnunuzi kwa pamoja. Hata nakala nayo ina masharti yake. Moto ulioteketeza sehemu kubwa ya Soko Kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 ni ukumbusho kwamba waraka unaotunzwa mahali pamoja hufa mahali pamoja.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba ulinzi wa fomu una historia ndefu kuliko programu inayoutekeleza. Kipande kililindwa dhidi ya mfanyakazi, kikamwacha bila ushahidi wake mwenyewe. Fomu ya matbaa ililinda swali, wino ukalinda jibu, na kaboni ikawapa pande zote mbili uwezo wa kulinganisha. Programu ya kuchakata maneno iliunganisha swali na jibu katika faili moja linalobadilika bila kuacha alama, na nyenzo yake ya kulinda fomu ikarudisha mpaka wa kwanza pekee.

Matokeo haya yana maana mbili. Kwa watafiti, yanapendekeza kwamba fomu isomwe kama chanzo cha historia ya jamii kwa kuuliza si tu kilichojazwa, bali nani aliruhusiwa kujaza na nani alibaki na nakala. Kwa taasisi zinazoandaa fomu, yanapendekeza mpangilio wa hatua. Kiolezo kifungwe ili swali lisiharibiwe. Baada ya kujazwa, waraka ugeuzwe kuwa wa kusomwa tu ili jibu lisiguswe. Kisha nakala itolewe kwa kila aliyetia sahihi, siku hiyohiyo, pasipo kuiomba. Hatua ya kwanza hufanywa na programu, na ya pili huhitaji uangalifu wa mchapaji. Ya tatu haihitaji ujuzi wowote wa kompyuta, na ndiyo ambayo mfanyakazi mwenye kipande na mpagazi wa Kariakoo hawakuwahi kupewa.